Aliyekula Kusubiri kwa Watu

"Kiti hakitoki humu ndani!" Eulogio alipiga meza mpaka bakuli la dengu likaruka.

"Kitatoka! Kaka yangu Baudilio anakuja kukichukua leo, akakiweke baa kwake, angalau kiwe pambo." Mkewe, Fuencisla, hakuacha kukata soseji. "Au unataka nikipike?"

Kiti chenyewe kilikuwa cha ngozi, kina pa kuwekea mguu, na kilikaa uwanja wa ndege wa Madrid mpaka ndege zikawa zinakiamkia. Wakubwa wa kwenda Barselona walikuwa wanafika tu, wanasubiri ndege yenye nafasi, na wakisubiri wanampa Eulogio miguu yao awapige viatu rangi. Alikuwa na mkono yule! Siku moja aling'arisha kiatu cha hakimu, hakimu akajiona humo, akaanza kujichana nywele, ndege tatu zikamwacha.

Ikaja treni ya mwendokasi, ikazoa abiria kama mafuriko yazoavyo makapi. Ndege zikapungua, na kiti kikaletwa jikoni.

"Si nilikwambia uende stesheni? Watu si wamehamia huko?"

"Nilienda." Hilo hakuwahi kumwambia. "Treni haina kusubiri, Fuencisla. Mtu anakuja mbio, anapanda, kaondoka. Nilimpata mmoja tu. Namaliza cha kulia, akasikia treni yake inaitwa, akachomoka. Kaenda Barselona mguu mmoja unameta, wa pili kama katoka kulima."

Fuencisla akaangua kicheko. Alipoona mwenzake hacheki, akakimeza.

"Mimi nilikuwa nakula kusubiri kwa watu," Eulogio akasema. "Siku hizi hakuna anayesubiri. Kiti kikienda, mimi niitwe nani?"

"Uitwe mume wangu."

"Hiyo si kazi."

"Ingekuwa kazi ungeshafukuzwa zamani!"

Eulogio alivuta kigoda chake, akaketi mbele ya kile kiti kitupu, brashi mkononi, mgongo umeinama vilevile alivyozoea.

"Nikipata mteja mmoja tu leo," akasema, "mmoja tu, kiti kinabaki. Sema sawa."

Fuencisla alimtazama ule mgongo. "Haya, sawa. Lakini mteja gani atakufuata humu jiko—"

Mlango ukasukumwa. Baudilio aliingia bila salamu, akajitupa kwenye kiti kwa uzito wake wote, akainua mguu.

"Shemeji, kabla sijakibeba, nipige basi viatu rangi mara ya mwisho."

Brashi ilikuwa tayari juu. Eulogio akatazama chini. Baudilio alikuwa amevaa raba za kitambaa.