Majani Mekundu ya Shemeji

Fundi wa kupogoa mizabibu, mjane mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake, aliwalisha wanawe kwa mistari sita tu ya mizabibu. Mpakani mwa shamba lake, shemeji yake alikuwa na mashina manne ya mizabibu yenye ugonjwa wa virusi. Majani yake yalikuwa mekundu na kujikunja, na yule bwana aliyaringia kama bibi harusi; kila Jumapili alileta wageni wapige picha.

"Shemeji, ng'oa hayo! Wadudu wanafyonza kwako, wanakuja kuniambukizia mizabibu yangu!"

"Wivu tu, shemeji. Ya kijani nani atayapiga picha?"

Asubuhi moja fundi alimkuta shemeji anakatiza shambani kwake akitokea kwenye mashina yale yale, sweta lake jipya limejaa wadudu weupe kama unga. Na kwenye mstari wa kwanza, shina moja la fundi lilikuwa limeanza kuwa na majani mekundu.

Fundi alibeba sururu, akavuka mpaka, akang'oa yote manne.

"Picha zangu!"

"Piga za mashimo! Na hilo sweta livue, nalichoma."

Kisha akarudi kung'oa shina lake mwenyewe, akimtukana shemeji kwa kila pigo.