Njia Ndefu ya Kwenda Nchiru

Mama aliposema anataka kwenda Nchiru kwa treni, nilicheka hadi nikamwaga chai. Kutoka kwetu Gachoka hadi Nchiru hakuna reli. Kuna barabara tu. Unapanda hadi Embu, unashika njia ya Chuka na Nkubu, unapita Meru mjini, na mchana haujafika umeshakaribishwa kwa ndugu yangu na kuulizwa kama unatumia sukari. Treni iliyo karibu nasi hupita Sagana ikielekea Nanyuki, upande ule mwingine wa mlima. Mtu wa Mbeere anayekwenda Meru kwa treni ni sawa na mtu anayeingia nyumbani kwake kupitia dirisha la jirani.

"Cheka tu," akasema. "Mimi sijawahi kupanda treni, na nataka kupanda."

Tulikuwa tunaishi wawili. Ndoa yangu ilipovunjika nilirudi nyumbani nikitafuta mahali pa kupumzika kidogo, na huko kupumzika kukawa ndiyo maisha. Asubuhi nilikwenda ofisini Embu, jioni nikarudi Gachoka. Nilijua dawa za mama za presha kuliko alivyozijua mwenyewe, nilijua goti lipi linauma mvua ikikaribia na lipi ni la kusingizia asiende mkutano wa akina mama. Mimi ni binti wa pili, na kwetu binti wa pili hurithi jina la mama wa mama yake. Kwa hiyo mama aliniita mama, nami nikamwita mama. Wageni walichanganyikiwa. Sisi hatukuona ajabu.

Safari yenyewe ilikuwa hivi. Ndugu yangu huyo, kitinda mimba wetu, amejenga vyumba vya kupangisha wanafunzi pale Nchiru karibu na chuo, na mkewe alikuwa amejifungua. Mama aende amwone mtoto, akae wiki mbili, kisha nimfuate nimrudishe. Hiyo ndiyo safari niliyoambiwa, na nikaanza kuipanga.

Nami nikishika jambo nalishika kweli. Nilipima basi, treni na gari la kukodi kwa makini kama mtu anayechagua mume, ingawa bahati yangu katika kuchagua mume nimeshaisimulia. Basi lilikuwa rahisi kuliko vyote, lakini zile kona za kushuka mtoni na kupanda tena, kutoka Chuka hadi Nkubu, humtapisha mama. Tena akasema ndani ya basi haoni kitu ila kisogo cha aliye mbele. Gari la kukodi lingekuwa la starehe, ila dereva ni mimi, na mimi huendesha nikiwa nimekunja mabega hadi masikioni. Treni ndiyo iliyokuwa na shida zote: kwenda Sagana kwanza, kuingoja, kushuka Nanyuki, kutafuta gari la kupitia Timau hadi Meru. Mtu mwenye akili asingeichagua.

Niliichagua. Mama alikuwa ameomba, na si mtu wa kuomba vitu. Nilimwona hata anauliza jirani kama viti vya treni hutazamana. Nikampigia ndugu yangu atukatie tiketi, maana mambo ya simu ndiyo yake.

Alinipigia kesho yake. "Sista, hiyo treni imebukiwa yote. Wewe kodisha tu gari, mamii akae vizuri."

"Na wiki ijayo?"

"Hata wiki ijayo. Imejaa tu. Watu siku hizi wanapenda treni sana."

Nikamwambia mama. Alikunja leso yake, akaikunjua, akaikunja tena. Nilidhani ni huzuni ya mtu aliyekosa treni, nikamwahidi tutaipanda siku nyingine.

"Basi tuende na gari," akasema mwishowe. "Lakini tupitie njia ya treni."

"Mama, hiyo ni kuzunguka mlima mzima."

"Si uko na gari."

Nilipofika nyumbani na lile gari kutoka Embu, mama alikuwa amekwisha kuvaa, na mizigo imepangwa mlangoni: mifuko miwili mikubwa, sufuria zake zimefungwa kwa leso, na kiondo kizito kilichoshonwa mdomo kwa kamba ya katani. Nikamuuliza kama huyo mtoto aliyezaliwa anaoa. Akasema ni zawadi, nisimcheleweshe. Jirani yetu aliyenisaidia kupakia alimshika mama mkono, akakataa kuuachilia. Niliona wanatia chumvi. Wiki mbili tu.

Mama alikataa kukaa mbele. Alikaa nyuma upande wa kushoto kama mheshimiwa, mkoba magotini, na katika kioo nilichoona ni kitambaa chake cha kichwa na kipande cha paji la uso. Tukashuka Sagana, tukapanda Karatina, na tulipokaribia Naro Moru mlima ukajitokeza wote. Sisi wa Mbeere huuona kwa mbali asubuhi, ukielea juu ya vumbi letu. Hapa ulikuwa umesimama karibu, mweusi na mweupe. Mama alishusha kioo.

"Mama," akaniita.

"Naam."

"Si kitu. Endesha."

Mbele kidogo akaomba tusimame. Nikamwambia hakuna pa kusimama, malori ni mengi, na gari linatakiwa Embu kesho. Hakubisha. Nanyuki tulikunywa chai haraka haraka, yeye akiangalia upande wa stesheni. Huko juu Timau mashamba ya ngano yalikuwa yamekauka rangi ya mkate, upepo ukilisukuma gari, nami nimeushika usukani kwa mikono miwili.

"Mama," akasema tena.

"Niambie."

"Unaiona barabara vizuri?"

"Naiona."

"Basi endesha."

Nilikuwa na furaha siku ile. Nasema hivyo waziwazi kwa sababu hiyo furaha ndiyo inayoniuma hadi leo. Nilijiona binti mwema kuliko mabinti wote wa Mbeere, nampeleka mama yangu kuona nchi. Nilikuwa hata naimba.

Nchiru tulifika alasiri. Ndugu yangu alitupokea langoni, mkewe nyuma yake na mtoto mgongoni. Tulianza kushusha mizigo. Nilipokinyanyua kiondo, mshono ukafumuka pembeni na jivu likamwagika juu ya viatu vyangu. Katikati ya jivu zikadondoka punje za kunde, pojo na mawele.

Nilisimama pale pale. Huenda mtu wa kwingine angekung'uta viatu na kuendelea. Kwetu chakula cha kumpelekea mzazi aliyejifungua kinapepetwa kikawa safi, kinatiwa kiondoni na kufunikwa kitambaa kizuri. Nafaka iliyochanganywa na jivu si zawadi wala si chakula. Ni mbegu. Tunaitia jivu isiliwe na wadudu, inakaa kwa mwenyewe ikingoja mvua, na mwanamke wa kwetu haitoi mbegu yake nje ya boma ila akiwa anahama. Mama alikuwa amechukua ya kila aina. Ghalani kwetu hakuwa ameacha kitu cha kupanda.

"Mama, hii ni mbegu," nikasema.

Mama akamtazama ndugu yangu. Ndugu yangu akamtazama mkewe. Mkewe akasema chai iko tayari, akaingia ndani.

Nyuma ya vyumba vya wanafunzi kulikuwa na nyumba ndogo ya mawe, rangi bado inanuka. Ndani kitanda kimetandikwa. Jiko la kuni lilijengwa kando, jipya, halijapata hata moshi. Mbele ya mlango kulikuwa na kishamba kilichokwisha kulimwa. Nyumba haijengwi kwa wiki mbili. Walikuwa wameijenga miezi, wakinipigia simu kila Jumapili kuniuliza habari za Gachoka.

"Tulikuwa tukuambie ukishafika," ndugu yangu akasema.

"Nimefika."

"Sista, usikasirike. Mama anazeeka. Mimi ndiye kijana wa mwisho, ni haki akae kwangu. Na wewe pia upumzike."

"Nani alikwambia nimechoka?"

Nikamuuliza nani mwingine anajua. Mama ndiye aliyejibu, kwa sauti ya chini, kwamba kanisani wanajua. Walimwombea na kumuaga ile Jumapili nilipobaki kitandani na mafua. Nilikumbuka Jumapili hiyo. Alirudi na keki imefungwa kwa karatasi, nikaila nikimshukuru. Nilikuwa nimekula keki ya kumuaga mama yangu bila kujua.

Nilihisi aibu kwanza, kisha hasira. Kijiji kizima kilikuwa kinaniangalia nikiulizia bei za magari na ratiba za treni, na hakuna hata mmoja aliyenivuta pembeni. Nimfuate nimrudishe, waliniambia. Nilikuwa nimeshaomba hata ruhusa ofisini ya siku ya kumrudisha.

Mama alipoingia kulala kidogo, nilimkuta ndugu yangu akikung'uta jivu kwenye zulia la gari. Swali lilinijia tu.

"Ile treni ilikuwa imejaa kweli?"

Aliendelea kukung'uta.

"Nakuuliza wewe."

"Sasa hiyo mizigo yote ungebeba aje na treni?" akasema. "Sufuria, nguo zake zote. Ungeona mifuko ukiwa Sagana uanze maswali, na mngerudi. Ilibidi gari. Mambo ingeharibika."

"Hukuiangalia hata kuiangalia."

"Usimwambie mamii. Tafadhali. Alikuwa ameitaka sana."

Nilikaa ndani ya gari, mlango wazi, nikiwatazama wanafunzi wakipita na mitungi ya maji. Nilifikiria kupakia kila kitu upya, sufuria na mbegu na mama mwenyewe, niteremke naye Chuka hata kama atatapika njia nzima. Nilijua pia akiniona nimewasha gari, angeweza kukubali.

Asubuhi nilimkuta amekaa mlangoni mwa nyumba yake, miguu imenyooshwa juani. Alinionyesha nikae kwenye kigoda kilichokuwa mbele yake. Nilikaa. Nikamwambia ameniibia. Nilitumia neno hilo hilo.

"Nimekuibia nini?"

"Wewe."

Alisugua goti, lile linalouma kweli. "Mama," akasema, "mtu akikuuliza habari yako, wewe unamjibu habari ya miguu yangu. Nimekusikia miaka yote. Unaulizwa u mzima, unasema mama alilala vizuri. Nikawaza, huyu mtoto atabaki hivyo mpaka nife, na nikifa ataulizwa habari yake akose la kusema."

"Ungeniambia."

"Ningekwambia ungekataa. Na mimi ningekubali. Unajua ningekubali."

"Kwa hiyo ukawaambia wengine wote."

"Wengine hawanikatazi."

Ndani mtoto alikuwa analia na mtu anambembeleza kwa Kimeru. Mama aliegemea mbele, akanitazama usoni kwa namna ambayo hakuwa amenitazama tangu tuondoke nyumbani.

"Nilipanga nikwambie njiani," akasema. "Ndiyo maana niling'ang'ania treni. Niliambiwa viti vinaangaliana. Nikasema tutakaa hivi, wewe hapo na mimi hapa, tuone mlima, nikwambie polepole, ulie ukitaka kulia, na tukifika Nanyuki uamue. Ungesema turudi, tungerudi. Kwenye gari wewe ulikuwa unaangalia barabara. Nilijaribu. Mara mbili nilijaribu. Lakini neno kama hilo siwezi kukiambia kisogo."

Nililia wakati huo, bila kujificha. Niliona Naro Moru, niliona Timau, niliona jinsi nilivyosema naam bila kugeuka. Na nyuma ya mama, kwenye kona ya nyumba, niliona ndugu yangu amesimama na kikombe cha uji cha kumletea, amesikia kila kitu. Alikuwa amekifunika kikombe kwa sahani uji usipoe. Kuanzia siku ile yeye ndiye atakayemletea uji, atakayemkumbusha dawa, atakayemshika mkono kwenda choo mvua ikinyesha. Atakuwa yeye, na si mimi.

"Mama," akaniuliza, "kwani ile treni ilijaa kabisa? Hata siku nyingine hazikuwa na nafasi?"

Ndugu yangu hakusogea.

"Ilijaa, mama," nikasema. "Niliuliza mwenyewe."