Neno kwenye Boneti ya Babu

Mimi ndiye niliyeandika. Naanza na hilo kwa sababu kwa mdomo bado sijalisema.

Gari la Babu ni dogo, la buluu, la zamani kuliko ndoa ya wazazi wangu. Jua la Ujiji lilikuwa limelipausha hadi likafanana na sweta la shule lililorithiwa na watoto watano. Siku moja Babu alirudi nalo kutoka Simbo limejaa vumbi jekundu, akaliegesha, akaingia kuoga. Washkaji zangu walikuwa kibarazani. Nikaisogelea boneti, nikaandika kwa kidole, herufi kubwa: MKWECHE, yaani gari kuukuu la kuchekwa. Tulicheka mpaka mmoja akapaliwa na muhogo. Kisha nikafuta kwa kiganja, Babu asione. Nikajiona mjanja.

Dada yangu alipochumbiwa na kijana wa Mwandiga, Babu alitaka jambo moja tu: bibi harusi atoke kwa gari lake, kama walivyotoka shangazi zangu wote. Baba zangu wadogo wakanong'ona kwamba upande wa pili wana gari jipya, ya nini kujiaibisha. Babu alisikia. Siku mbili kabla ya harusi akanichukua, tukaenda Katubuka kwa fundi wa kupolishi.

Fundi aliliosha gari, akapaka dawa nzito kama uji, akawasha mashine. Sponji likazunguka juu ya paa, ule weupe ukabanduka, chini yake ikatokea buluu ya ziwa la saa nne asubuhi. Babu alijiona kwenye mlango wa gari, akaweka kofia sawa.

"Njoo ujitazame, mjukuu wangu."

"Nimejiona, Babu. Ila gari limeniongezea pua."

Alicheka sana. Fundi akahamia kwenye boneti, mara akazima mashine.

"Mzee, hapa pameandikwa."

Akatueleza: vumbi lile ni kama msasa, mtu akiandika kwa kidole anaikwaruza rangi. Kuchujuka kwa rangi kulikuwa kumeyaficha maandishi. Sasa boneti inang'aa, herufi zinasomeka.

Babu alisoma polepole, kama anayesoma habari ya msiba.

"Inatoka?"

"Kwa mkono, taratibu. Nikikandamiza mashine, rangi inakwisha. Ya zamani hii, nyembamba. Tukaswali kwanza, mzee, tukirudi nitaanza."

"Watoto wa mtaani hawa," Babu akasema.

"Hawana adabu," nikaitikia. Mimi huyu.

Wakaenda kuswali adhuhuri. Nikajitia kubaki kulinda vifaa. Nilitaka wakirudi wakute neno halipo, tuendelee kuishi. Nikawasha mashine, nikaikandamiza juu ya M. Ikafifia! Nikapata kichwa, nikahamia K, nikaishikilia mashine hapo hapo. Harufu ya kuungua ilipopanda, nikainua. K haikuwepo. Na rangi haikuwepo. Palibaki duara la kijivu, kubwa kama sahani ya wali, na katikati bati tupu.

Fundi aliporudi alishika kichwa. "Dogo, umeunguza! Boneti nzima ipigwe rangi upya, na kwa keshokutwa hatuwahi!"

Babu hakulitazama gari. Alinitazama mimi. Mtu asiye na kosa hawashi mashine ya watu kwa siri ili afute neno.

"Kumbe ni wewe," alisema.

Mimi ambaye hata mwalimu wa zamu akinishikia fimbo huwa na la kusema, niliokota kitambaa, nikaanza kuifuta mashine ya fundi.

Siku ya harusi gari jipya la kina bwana harusi lilisimama mlangoni kwetu, maua mbele, honi juu. Dada akapanda. La Babu lilikuwa uani, limefunikwa turubai hadi matairi.

"Baba, vipi gari lako?" shangazi akauliza mbele za watu. "Si ulisema atatoka nalo?"

"Betri imekufa, mwanangu."

Sikuwa nimewahi kumsikia Babu akidanganya. Shangazi akanigeukia. "Na wewe bingwa wa vichekesho, umeshindwa hata kulisukuma?"

Watu wakaanza kucheka kabla sijajibu, wakisubiri kituko changu cha kawaida.

"Betri, shangazi," nikasema.

Babu akaitikia kwa kichwa, akaenda kubanana kiti cha nyuma na baba zangu wadogo, kwenye gari la watu.