Dizeli Iliyobeba Video za Bhoke

Niliondoka Busawe kwa hasira, wala sitaficha. Mume wangu Marwa alikuwa na mwezi wa saba machimboni, ng'ambo ya Mto Mara, kwenye kilima kilicho juu ya Nyamwaga. Dhahabu ilikuwa imeibuka huko, na wanaume wengi wa kwetu walikuwa wamewaachia wake zao mahindi na ng'ombe. Mimi ni muuguzi, mtu wa Morogoro niliyepangiwa kazi huku nikaolewa hukuhuku. Kila siku nilimtumia Marwa video za binti yetu Bhoke: akitambaa, akila uji, akimfuata kuku uani. Yeye alijibu neno moja tu, "Sawa." Siku nyingine hata hilo hakuna. Jamani! Moyo ukaniambia yupo anayempikia huko. Nikaapa kwenda kuona kwa macho yangu, na kama yupo kweli, ndoa iishie kilimani.

Saa kumi na mbili asubuhi nilimwacha Bhoke kwa mama mkwe, nikapanda bodaboda. Tulivuka mto jua likiwa bado halijakolea. Dereva alijaribu kunisimulia habari za soko la Mugumu, akaona siitikii, akaongeza mwendo.

Saa tatu, karibu na Nyamwaga, tairi likapata pancha. Dereva akainama kuziba, nami nikasogea kwenye kivuli kando ya uzio wa mnara wa simu. Ndani jenereta lilikuwa likinguruma hata nikahisi ardhi inatetemeka. Mlinzi alikuwa mzee mfupi aliyevaa koti la mvua katikati ya kiangazi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Pole na safari. Pole na kelele pia."

Nikamuuliza kwa nini halizimi. Akacheka sana.

"Nikilizima, Nyamwaga nzima watanijia na marungu! Umeme umekatika tangu juzi. Hii unayoisikia ndiyo intaneti yenu. Inakunywa dizeli kama ng'ombe aliyetoka malishoni."

Kusema kweli sikuwahi kuliwaza hilo. Zahanati yetu ina sola, na simu yangu hushinda imechomekwa ukutani. Nilidhani video huruka tu hewani.

Saa tano nilifika chini ya machimbo. Pikipiki haipandi pale, ni mawe matupu, kwa hiyo nikaanza kupanda kwa miguu. Mbele yangu kulikuwa na mtu amebeba dumu la lita ishirini begani. Alikuwa akisimama kila baada ya hatua chache, anahema, anaendelea. Nilimwonea huruma kabla sijamtambua. Alikuwa Marwa.

"Mama Bhoke! Kuna nini? Mtoto mzima?"

"Mzima. Nimekuja kumwona huyo anayekufanya usinijibu."

Alitua dumu, jasho likimtiririka, asijue naongelea nini.

Juu, kwenye shimo lao, ambalo wenyewe huliita duara, nilikaribishwa chai na mwenzake Chacha, fundi wa pampu. Ni Chacha aliyetoa siri, maana Marwa alijitia kushughulika na dumu. Jenereta lao ni la kuendeshea pampu inayotoa maji shimoni, na mafuta yake yote hupandishwa kwa mabega. Kwa hiyo walikubaliana tangu siku ya kwanza: anayechomeka simu, abebe dumu.

"Sisi wengine tunachaji mara moja kwa wiki, shemeji," alisema Chacha. "Huyu kila siku! Video ileile inakuja mara nne, mara tano. Anazifungua zote, eti labda moja ina kitu kipya."

Uso ukaniwaka. Nilipoona hajafungua, nilikuwa natuma tena, na tena, nikidhani namkumbusha. Juu yake nilimmwagia na picha za maua ya "asubuhi njema" kutoka kikundi chetu cha wauguzi.

"Tena usidhani inatoka Busawe ikaja moja kwa moja," Chacha aliendelea. "Inapitia nchi za mbali, kwenye majumba yaliyojaa kompyuta. Zinakula umeme usiku na mchana, na umeme mwingine wa kuzipoza. Ndipo irudi hapa, imkute mura, kijana wangu huyu, yuko hoi."

Nikamwambia Marwa avue shati. Akakataa, nikamvua mwenyewe. Bega la kulia lilikuwa limechubuka, likapona, likachubuka tena juu ya kovu. Nafunga vidonda vya watu kila siku, na hiki nilikitia mimi. Nikalia mbele ya Chacha bila aibu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeacha kutuma."

"Na mbona hujibu?"

"Nikimaliza kumtazama mtoto, chaji imekwisha. Hiyo 'sawa' yenyewe naiwahi."

Saa nane tulishuka wote kufuata dumu lingine. Tulipitisha mti kwenye mshikio, yeye mbele, mimi nyuma. Katikati ya mlima akasema bila kugeuka, "Maua punguza. Mtoto usinipunguzie." Nilicheka hadi dumu likayumba, akanigombeza.

Saa kumi nikaanza kurudi, na saa mbili usiku nilikuwa kwa mama mkwe. Hapo ndipo uzembe wangu uliponiuma. Miezi saba nilikuwa namzungusha mtoto dunia nzima ili amfikie baba aliye safari ya asubuhi moja tu, kwa sababu kwangu ilikuwa ni kubonyeza kidole. Nilijifunza kwamba kila nilichokiona chepesi mkononi mwangu, kuna mtu mahali fulani amekitolea jasho, na safari hii mtu huyo alikuwa wangu.

Bhoke aliponiona mlangoni aliachia kanga ya bibi yake, akasimama peke yake kwa mara ya kwanza, nami nikawahi kutoa simu. Nikamwandikia Marwa maneno matupu: "Nimefika salama. Nilikushuku, nisamehe. Bhoke amesimama bila kushika kitu. Nimemrekodi. Nitume?"

Jibu lilikuja kesho yake mchana.

"Usitume. Mlete."