Jinsi ya Kuanguka Mbele ya Watu

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa ninyoe ndevu. Nilikuwa nimezifuga kwa bidii, kwa sababu mtu wa kimo changu asipokuwa na ndevu huulizwa mama yake yuko wapi. Kiongozi wa Kikundi, maana ndivyo tulivyomwita sote, alikuwa ameketi kwenye ukingo wa jukwaa la ukumbi wa Jericho. Alinitazama, akanirushia kaptura ya shule.

"Jina?"

"Musyoka."

"Hapana. Kuanzia leo wewe ni Mlingoti. Nyoa, vaa hiyo, halafu uje nikuonyeshe pa kuingilia."

"Bosi, mimi nimekuja kuigiza. Nimekariri sehemu ya hakimu."

Alicheka bila ubaya wowote, na hilo ndilo lililonivunja nguvu. "Hakimu atakalia nini, Mlingoti? Kigoda?"

Nikanyoa.

Niliiacha kazi hiyo kabla sijaota mvi hata moja. Ninaandika haya nikiwa bado kijana kwa umri, ingawa majirani wanaoniona nikijikokota na magongo hapa Shauri Moyo wanaweza kubisha. Ninawaandikia wanaotaka kuingia kwenye vichekesho, hasa wenye mwili kama wangu, wale ambao watu mitaani huwaita vibeti wakidhani hawasikii. Sikusomea kuandika, kama vile sikusomea kuigiza. Aya hii nimeifuta na kuiandika upya hadi karatasi imetoboka. Ndivyo nilivyo. Jambo lisiponyooka, silali.

Kazi ya kwanza niliyopewa ilikuwa kuanguka.

Msidhani ni jambo la kuokota njiani. Sisi tuliita kushusha mzigo. Mwigizaji anaingia kwa mbwembwe, anajikwaa, anakwenda chini, na ukumbi unaangua kicheko. Anayeshusha vizuri haumii. Huanza na goti, kisha nyonga, kisha ubavu wa bega, kidevu kikiwa kimebanwa kifuani ili kichwa kisiguse mbao. Wakati huohuo kiganja hupiga jukwaa kwa nguvu. Ule mshindo unaosikika hadi nyuma ni wa kiganja. Watu husikia maumivu ambayo hayapo. Kiganja kikichelewa kidogo tu, wanagundua udanganyifu, na kicheko kinafia kooni.

Wenzangu warefu walifundishana. Mimi hakuna aliyeweza kunifundisha, kwa kuwa miguu yangu ni mifupi, mgongo umepinda kwa ndani, na kichwa kina uzito wake. Hesabu zao hazikunifaa. Baba yangu alikuwa mchonga vinyago, na nyuma ya banda lake karibu na Gikomba kulikuwa na lundo la maranda. Hapo ndipo nilipojifundisha. Nilianguka hadi maranda yakaingia masikioni. Baba alikuwa akiinua macho kutoka kwenye twiga wake.

"Unatafuta nini huko chini, mwanangu?"

"Natafuta kiganja, baba. Kinachelewa."

"Na kikiwahi?"

"Watacheka."

Alirudi kwa twiga wake, hakuuliza tena.

Baada ya Jericho nilihamishiwa kwenye lori la matangazo. Miaka hiyo ya sabini kampuni za sabuni zilikuwa zikizungusha malori mitaani, ubavu mmoja wa lori ukifunguliwa kuwa jukwaa. Mkubwa wetu hapo alikuwa Meneja wa Matangazo, mtu wa tai na leso nyeupe. Nilivaa kaptura ileile. Mwenzangu alikuwa Wanjiru, mwigizaji aliyecheza mama yangu ingawa nilimzidi umri. Alinipaka povu, nami nikateleza, nikashusha. Tulifanya hivyo Muthurwa, tukafanya Shauri Moyo mbele ya watu walionijua tangu utotoni. Kila tulipomaliza nilimvamia Wanjiru kwa maswali.

"Kiganja kilichelewa?"

"Hakikuchelewa."

"Nilikiona kama kimechelewa."

"Musyoka, haki ya Mungu, watu wamecheka hadi wamemwaga uji. Kwani unataka wafe?"

Yeye peke yake aliniita Musyoka.

Meneja wa Matangazo ndiye aliyetuwekea sheria iliyokuja kushikwa na kikundi kizima. Siku moja kijana wa kushusha spika aliniona nimekwenda chini, akaruka kuniinua. Umati ukanyamaza, wengine wakasema "pole." Meneja alikasirika kuliko nilivyowahi kumwona.

"Aliyeanguka asiguswe! Mkimgusa, watu wanakumbuka kwamba ana mifupa. Mrukeni, mzungukeni, endeleeni na maneno yenu. Mpaka pazia."

Tuliizoea sheria hiyo kama tunavyozoea kupiga hodi. Nilianguka, nao wakanizunguka. Wanjiru aliweza kuniruka akiwa na beseni la maji mikononi bila kukatiza sentensi.

Sikuwa peke yangu katika kazi za namna hii. Alikuwako mwenzangu mmoja wa kimo changu tuliyemwita Kocha, kwa kuwa timu moja ya mpira ya mtaani ilikuwa ikimvika jezi na kumbeba mabegani kuzunguka uwanja kabla ya mechi. Aliujua mpira kuliko benchi lote. Angekuambia beki gani atachoka na kwa nini. Nilimuuliza kama amewahi kumwambia mwalimu wa timu.

"Nilimwambia. Akanipa soda."

"Na wakishinda?"

"Wananibeba. Wakishindwa wananisahau hukohuko uwanjani, narudi nyumbani kwa miguu na jezi yao."

Tulicheka sana siku hiyo. Sijui tulikuwa tukicheka nini.

Miaka ilikwenda. Nikawa maarufu, kama umaarufu ni watoto kukufuata hadi msalani wakipiga kelele za "Mlingoti, shusha!" Niliporudishwa Jericho, Kiongozi alikuwa akitayarisha mchezo mrefu, wa kwanza wa kikundi chetu usio wa kuchekesha. Ulimhusu mzee mjane, mfanyakazi wa reli, ambaye binti yake wa pekee anachumbiwa, naye anawarudisha wakwe bila sababu yoyote ya maana. Ukweli anautoa mwishoni tu, kwamba anaogopa kuachwa peke yake. Mwigizaji wa sehemu hiyo alipata kazi Mombasa, akaondoka ghafla. Nilikwenda kwa Kiongozi.

"Nipe mzee wa reli."

"Mlingoti, tafadhali."

"Maneno yake yote ninayo. Ninayo ya kila mtu."

"Najua unayo. Si maneno. Wakikuona tu, watacheka. Umewafundisha mwenyewe."

"Wacheke mwanzoni. Wakicheka kwenye yale maneno ya mwisho, nirudishe kwenye lori na kaptura yangu, na sitakuuliza tena kitu. Wakinyamaza, unanihesabu kama mwigizaji mwingine yeyote."

Alijikuna shingo kwa muda mrefu. "Onyesho moja," akasema. "Fuga ndevu."

Siwezi kueleza jinsi nilivyojiandaa bila kujiaibisha. Nilikaa vituoni kuangalia wazee wa reli wanavyovua kofia. Nilijizoeza kuketi kwenye kiti cha kawaida bila miguu kuning'inia, nikiiegemeza kwenye mti unaounganisha miguu ya kiti. Miguu yenyewe ilikuwa imeanza kufa ganzi nyakati fulani, hasa nikisimama sana, nami nikalaumu viatu. Kwa Wanjiru, ambaye sasa alikuwa binti yangu mchezoni, nilikuwa adhabu.

"Nikisema 'nani ataniita baba,' nitazame mimi au mlango?"

"Jana ulitazama mlango. Ilikuwa sawa."

"Sawa tu?"

"Musyoka, ukiniuliza tena nakwenda Mombasa mimi pia."

Onyesho likafika. Ukumbi ulijaa, watu wakakaa hata madirishani. Nilipoingia na koti la reli na ndevu zangu, kicheko kilinipiga kama maji ya ndoo. "Mlingoti! Leo umekuwa babu?" akapiga kelele mmoja. Mwingine: "Shusha basi, twende nyumbani!"

Sikushusha. Nilivua kofia nilivyowaona wazee wakifanya, nikaketi, nikaomba chai. Wakacheka chai. Nikaipuliza chai kimya, nikanywa. Wakacheka kidogo. Nikamwambia binti yangu kwamba mama yake alikuwa akiweka tangawizi nyingi zaidi, na hapo hakuna aliyecheka. Kikohozi kimoja, basi. Kuanzia hapo niliwahisi wakija kwangu mmoja mmoja. Yule wa "shusha basi" aliambiwa na mwanamke aliyekaa nyuma yake afunge domo. Wakwe walipofukuzwa mara ya pili, nilimwona mzee mmoja mbele akijifuta jicho kwa ukingo wa kofia.

Maneno ya mwisho yalitakiwa kusemwa nikiwa nimesimama. Nikasimama. Wanjiru alikuwa mlangoni na sanduku lake. Ukumbi wote ulikuwa kimya. Nimeutafuta ukimya ule tangu siku ile ya kaptura, na ninyi mtakaoingia kazi hii nawaambia kwamba hakuna kicheko kinachoufikia.

"Nenda," nikasema. "Lakini ukienda, nani ataniita..."

Miguu ikaondoka. Sikujikwaa. Iliondoka tu, kama umeme unavyokatika. Goti halikuanza, nyonga haikufuata, kiganja hakikupiga chochote. Nilianguka kwa uso, na mshindo uliosikika ulikuwa wa kichwa changu.

Ukumbi ukalipuka. Sijawahi kusikia kicheko kama kile, wala mtu mwingine kwenye kikundi hakuwahi. Kazi yangu yote, miaka yote ya lori na povu, ilikuwa imewafunza kungojea kitu hicho kimoja, nami nilikuwa nimewanyima tangu waingie. Sasa niliwapa wakati wasioutarajia.

"Siwezi kuinuka," nikasema.

Wakacheka zaidi. Niliisema vizuri, nadhani.

"Wanjiru. Siwezi."

Niliviona viatu vyake vikija karibu na uso wangu. Vilisimama kidogo. Kisha vikanizunguka, kama tulivyozoea, na nikamsikia akimalizia sentensi yake juu ya kichwa changu bila kukatiza, sauti ikitetemeka kidogo kwa jinsi alivyokuwa akizuia kucheka. Pazia likafungwa.

Kiongozi alikuja akipiga makofi. "Amka, bwana! Umewaua leo!"

Wanjiru ndiye aliyechuchumaa na kuiona damu. "Musyoka?" akasema. "Musyoka, hukuwa unaigiza?"

Daktari alinieleza kwa upole kwamba katika miili kama yetu njia inayopitisha mishipa ya fahamu ndani ya uti wa mgongo huwa nyembamba, na inaweza kuibana mishipa hiyo kadiri umri unavyokwenda. Akaniuliza nilikuwa nikifanya kazi gani. Nilipomwambia, aliacha kuandika.

Wanjiru alikuja kila juma, akalia kila juma, hadi ikawa kazi yangu kumchekesha. Kiongozi alikuja mara moja, na machungwa. Aliketi ukingoni mwa kitanda akiizungusha kofia mikononi.

"Watu wanaulizia," akasema. "Wanataka waone ule mchezo. Ule mwisho hasa."

"Bosi, wewe unajua haukuwa mwisho."

"Najua. Mimi najua, Mlingoti. Lakini wao wameupenda hivyo." Akanimenyea chungwa. "Sasa tutauweka. Anayekuja baada yako ataanguka palepale. Utapewa sifa yako, tutatangaza kwamba ni wewe uliyeubuni."

Nilikula lile chungwa.

Watu huniuliza wastaafu wa kazi yetu huishi vipi. Huishi kwa kutambuliwa. Nikienda Muthurwa na magongo, mwuza mboga ananiongezea kitunguu na kuwaambia wateja, "Huyu ndiye aliyeanguka!" Wananipa mkono. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza kuhusu kofia, chai, wala tangawizi. Nimejaribu kueleza kwamba kabla ya hapo walikuwa wamenyamaza, kwamba mzee mmoja alikuwa akilia. Wanatikisa kichwa kwa adabu. Kuna siku naanza kushuku mwenyewe kama walinyamaza kweli, au nilisikia nilichotaka kusikia. Nimeigeuza na kuigeuza. Wanjiru anasema walinyamaza. Lakini Wanjiru ananihurumia, na ushahidi wa mtu anayekuhurumia haufai kitu.

Mwaka jana Kiongozi alimtuma Njuguna kwangu, mwigizaji mpya wa kimo chetu, mtu mzima mwenye mke na ndevu nzuri. Alikuwa amepewa mzee wa reli. Alikaa kwenye kiti changu, miguu akaiegemeza kwenye mti wa kiti bila kufundishwa, nami nikampenda papo hapo.

"Kaka," akasema, "maneno ninayo yote. Ni ule mwisho tu unanishinda. Nikianguka wanacheka, lakini si kama wanavyosema walikucheka wewe. Ulifanyaje?"

"Sikufanya chochote. Miguu ilikufa. Niliwaambia siwezi kuinuka na nilikuwa siwezi."

Hakucheka. Aliyatazama magongo, kisha akanitazama usoni, na nikaona kwamba ananiamini, mtu wa kwanza ambaye sikuhitaji kumwambia mara mbili. Jikoni mama yangu alikuwa akiosha vyombo.

"Pole sana, kaka," akasema. Kisha akasogeza kiti mbele kidogo. "Basi nifanyeje ili ionekane hivyo?"

Nilimwambia aachane na kiganja. Nilimwambia goti lisianze, nyonga isifuate, macho yabaki kwa binti hadi dakika ya mwisho. Akasimama, akajaribu kwenye sakafu yetu ya saruji, nami nikasikia mfupa ukigonga saruji.

"Bado," nikamwambia. "Umejikinga. Rudia."