Ufa Katika Baiskeli ya Bwana Karakana

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika stesheni ya Korogwe jua likiwa halijachomoza, nimevaa kanzu ambayo mama aliifua mara mbili. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na minane hivi, Mzigua wa upande wa Handeni, na nilikuwa nimeambiwa kwamba kazi ya reli ina mshahara wa uhakika na haina jembe. Habari nyingine hakuna aliyenipa. Jambo la kwanza nililoliona ni mtu aliyelazwa juu ya pipa nyuma ya karakana, na askari amesimama kando yake na kiboko. Walikuwa wakihesabu. Enzi ile ya Mdachi, yaani Mjerumani, adhabu hiyo tuliiita hamsa ishirini, kwa kuwa viboko vyake vilikuwa ishirini na vitano. Nilisimama palepale mpaka hesabu ikaisha, kwa sababu sikujua kama mtu anaruhusiwa kuondoka.

"Amefanya nini?" nilimwuliza mtu aliyekuwa karibu yangu.

"Amejibu," akasema.

Mtu huyo aliitwa Kibwana, mpasha moto wa gari moshi, yaani yule anayelisha kuni kwenye tanuri la injini. Alikuwa amenizidi miaka kama kumi, na baadaye akawa kaka yangu kwa kila hali. Asubuhi ile alinifundisha kazi kwa maneno machache. "Ukiulizwa, sema ndiyo bwana. Usipoulizwa, huna ulimi."

Karakana ilikuwa chini ya Mdachi mmoja tuliyemwita Bwana Karakana. Alikuwa mrefu, na alikijua chuma kuliko mtu yeyote niliyepata kufanya naye kazi, hilo sitamnyima. Angeweza kugonga gurudumu la behewa kwa nyundo mara moja na kukwambia limechoka upande gani. Lakini hakuvumilia kuambiwa jambo na mtu mweusi. Aliniweka kwenye jiliwa, kile chombo cha kubania chuma mezani, akanipa tupa, na kwa miezi sita sikufanya kingine ila kusugua chuma mpaka kilingane na kipimo chake.

Mkubwa wa stesheni yenyewe, Bwana Stesheni, alikuwa mtu wa namna nyingine. Mfupi, mwenye miwani, sauti yake haikupanda hata gari moshi lilipochelewa. Siku moja alisimama nyuma yangu akitazama mikono yangu, kisha akamwomba Bwana Karakana aniachilie saa za alasiri. Nilimfuata nyumbani kwake nikidhani nimeharibu kitu. Kumbe barazani kwake palikuwa na meza ndefu, na juu ya meza reli.

Vijana, sijui niwaelezeje. Ilikuwa reli kamili, upana wake vidole vitatu, imelazwa juu ya mataruma madogo ya mti kama mataruma yale makubwa yanayobeba reli ya kweli. Palikuwa na daraja, palikuwa na stesheni ya bati, na injini ndogo ya shaba iliyopashwa moto kwa taa ya spiriti. Yule bwana aliijenga kwa kujifurahisha tu. Kazi yangu ilikuwa kuchonga vijiti vya magurudumu, kulehemu viungo kwa risasi iliyoyeyushwa, na kunyoosha reli. Ekseli yake moja ilikuwa ikikatika kila mara, na hapo ndipo aliponifundisha jambo ambalo ndilo sababu ya habari hii.

"Jicho halioni ufa," alisema. "Kwa hiyo tutauliza mafuta."

Alipaka chuma mafuta ya taa, akaacha yaingie, akakifuta mpaka kikakauka, kisha akakipaka unga wa chaki. Tukangoja. Taratibu, juu ya ule weupe, ukajichora mstari mwembamba kama unywele. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yalikuwa yakitoka nje. Mafundi wa reli walipima ekseli za mabehewa kwa njia hiyohiyo.

Nilipenda kazi ya meza ile. Nalisema kwa haya kidogo, kwa sababu wenzangu walikuwa juani wakibeba mataruma.

Kupitia kwa Bwana Stesheni nikaingia pia katika mambo ya baiskeli. Wazungu sita wa Korogwe, wa reli na wa mashamba ya mkonge, walikuwa na chama chao, na kila Jumapili waliendesha pamoja, mara hadi Kerenge, mara hadi chini ya vilima vya Lutindi, wakarudi wamejaa vumbi na kicheko. Nikafanywa fundi wa chama. Nilikaza nati, niliziba tyubu, nilipaka mnyororo mafuta. Ili kujua kama baiskeli imepona ilibidi niipande, na hivyo nikajifunza, nikaanguka mara nyingi kwenye njia ya Korogwe ya zamani, watu wakinicheka. Siku niliyoweza kwenda bila kuanguka, upepo usoni, nilisahau kuogopa kwa muda wa kama robo saa. Chama kilipotoka, nilifuata nyuma kwa baiskeli kuukuu ya chama, nikiwa na mfuko wa spana na pampu. Amri ilikuwa moja: nisimpite bwana yeyote barabarani.

Basi chama kikapanga safari ya Handeni. Jumamosi alasiri nilizikagua baiskeli zote sita. Katika ile ya Bwana Karakana nilihisi kitu kwenye uma, yaani kile chuma chenye miguu miwili kinachoshika gurudumu la mbele. Kilitoa sauti butu nilipokigonga. Nikachukua mafuta ya taa na chaki. Mstari ukatokea chini kidogo ya shingo ya uma, ukazunguka nusu ya chuma.

Nilikwenda mpaka mlango wa ofisi yake.

"Bwana, uma wa baiskeli..."

"Umejaza upepo?"

"Ndiyo, bwana."

"Umepaka mafuta?"

"Ndiyo, bwana."

"Basi kazi yako imekwisha." Aliandika kidogo, kisha akainua kichwa, maana nilikuwa bado nimesimama. "Kuna jambo?"

Hapo alikuwa ameniuliza. Mlango ulikuwa wazi, sentensi moja ingetosha. Lakini nyuma ya dirisha lake niliona lile pipa, na mdomo wangu ukasema, "Hakuna, bwana."

Nilimkuta Kibwana akipanga kuni, nikamweleza. Akaacha kazi, akakaa chini.

"Akianguka, nani alitengeneza baiskeli?"

"Mimi."

"Na ukirudi ukamwambia sasa?"

"Atauliza kwa nini nilisema hakuna jambo."

Kibwana akainuka kurudia kuni zake. "Mdogo wangu," akasema, "umejifungia pande zote mbili."

Asubuhi tulivuka Mto Pangani na kuishika njia ya Handeni. Nimefanya kazi nyingi za hatari baada ya siku ile, lakini sijawahi kupita njia ndefu namna hiyo. Sikuona pori, sikuona watu waliosimama kando kutuamkia. Niliona uma ule tu. Kila gurudumu la Bwana Karakana lilipogonga jiwe, nilinyoosha shingo kuutazama. Nilihesabu mawe. Walipopumzika kunywa maji nilijifanya nakaza nati nikaugusa. Ufa ulikuwa umekuwa mpana, ukucha uliweza kuingia. Nikamtazama Bwana Stesheni, nikafikiri, huyu nimwambie. Lakini alikuwa akicheka na wenzake, na mimi sikuwa nimeulizwa.

Karibu na Handeni njia inateremka kwenda kwenye korongo lenye mawe, na Wazungu walipenda mteremko ule. Bwana Karakana alikuwa wa mwisho miongoni mwao, mbele yangu kidogo. Nikamwona anainua miguu kutoka kwenye pedeli ili aiachie baiskeli ishuke yenyewe. Nikaona uma unacheza, mguu mmoja ukienda mbele, mwingine ukibaki.

Sikuamua. Napenda kusema niliamua, lakini miguu ilikanyaga kabla yangu. Nilimpita, nikakata njia mbele yake, nikajitupa chini pamoja na baiskeli. Alinigonga, akaangukia majani upande wa juu, kabla mteremko haujawa mkali. Akainuka na damu kiwikoni.

"Umenipita," alisema. Hakupaza sauti. "Umenipita na umeniangusha."

"Bwana, uma umepasuka."

"Tutazungumza bomani."

Boma la Handeni, ofisi ya serikali, lilikuwa na ombasha, ndiyo koplo wa askari, aliyekuwa jirani wa mjomba wangu. Alinifunga mikono bila kunitazama usoni. Wazungu walikula chakula cha mchana barazani, mimi nimekaa juani, nikisikia sahani. Nilijisemea kwamba nitahesabu mwenyewe, ili nisisikie sauti ya mwingine.

Kisha Bwana Stesheni akaja na ile baiskeli akiisukuma. "Nionyeshe huo ufa uliousema," akasema. Akaagiza nifunguliwe mikono, akaletewa mafuta ya taa na chaki. Nilipaka mbele yao wote, chaki nyingine ikimwagika. Mstari ukatokea. Bwana Stesheni akaushika uma kwa mikono miwili, akaweka goti, akasukuma, na chuma kikakatika kama muwa.

Bwana Karakana alikichukua kile kipande akakigeuzageuza. Alikijua chuma, aliona sehemu iliyopasuka zamani na sehemu iliyokatika sasa hivi. Alijua angefika chini ya korongo akiwa maiti.

"Uliona hili lini?" akaniuliza.

"Jana, bwana."

"Nilikuuliza jana."

"Ndiyo, bwana."

Akakiweka kipande chini. "Umefanya kazi nzuri," akasema. "Lakini umenipita. Kumi na tano."

Nilimtazama Bwana Stesheni. Alikuwa amevua miwani anaifuta kwa kitambaa, akaendelea kuifuta wakati ombasha ananishika mkono, na alikuwa bado anaifuta nilipolazwa. Sikuhesabu kama nilivyokusudia. Baada ya cha sita sikuweza.

Wiki ile Bwana Stesheni aliniita tena kwenye meza yake. Injini ya shaba ilikuwa inazunguka, taa yake ikiwaka.

"Ningesema," aliniambia, "lakini wale ni wenzangu." Hakumaliza. Nilimwona anavyoitazama reli yake asinitazame mimi, nikatambua kwamba naye alikuwa anaogopa. Jambo hilo halikunifariji. Lilinitisha zaidi, kwa kuwa nilikuwa nimedhani mahali fulani juu yetu woga unakoma.

Bwana Karakana alinihamishia Handeni, nikatengeneza baiskeli na mikokoteni ya boma mpaka vita vilipokuja na Wadachi wakaondoka. Waingereza wakanirudisha reli, nikapanda mpaka kuwa msimamizi wa mafundi, nikastaafu. Kibwana nilimzika Korogwe miaka michache iliyopita. Wanaokuja kuniuliza habari za kazi huulizia mashine. Nawaeleza mashine, jiliwa na tupa na lehemu, na yote ni kweli. Lakini kazi ile ilifanywa na watu wenye hofu, na mtu mwenye hofu huona ufa akanyamaza. Mimi niliuona na nikanyamaza siku nzima. Wanaponisifu kwa kumwokoa yule bwana, huwakumbusha hilo.

Sasa tuko wastaafu wanne wenye baiskeli, na kila Jumatano tunakwenda Kerenge na kurudi, kwa raha zetu. Kwa muda mrefu nilikuwa wa nyuma. Wenzangu walisema ni adabu yangu. Sikuwaambia kwamba kila nilipokaribia gurudumu la mtu aliye mbele, miguu ilikataa.

Wiki iliyopita rafiki yangu Shekigenda alipunguza mwendo karibu na mashamba. "Pita, mzee mwenzangu," akasema, "mimi pumzi imeisha."

Nikapita. Mgongo ukajikunja wenyewe ukisubiri sauti ya nyuma. Sauti ikaja. Ilikuwa ya Shekigenda, akimwamkia mama mmoja aliyekuwa akipalilia mahindi, akimwuliza habari za watoto.