Nilimkana Bi Zuwena Mbele ya Mgeni

Nimekosa. Sina wa kumsingizia, hata shetani mwenyewe atanicheka. Jina langu silitaji, na la mwenzangu nimelibadilisha.

Mimi mzaliwa wa Unguja. Tuliingia Sur, huku Omani, miaka ya sabini mwanzoni, mume wangu akapata kazi Maskati, mimi nikabaki na kuta nne. Mtaani wanawake wakiniita "Zanjibariya", Kiarabu changu wakikicheka. Mtu wa kusema naye Kiswahili alikuwa mmoja tu: Bi Zuwena, mjane wa nyumba ya pili, umri wa mama yangu, naye katokea Unguja vilevile. Kila asubuhi, "Shikamoo Bi Zuwena!" "Marahaba mwanangu, umeamkaje?" Basi siku yangu ishatengenea.

Bi Zuwena akisuka zari. Nyuzi za fedha na za hariri juu ya mto mnene wa kusukia, vidole vinapishana hata huvioni. Ukanda wa miguu ya suruali moja ulimchukua wiki mbili. Mimi nikishona kanzu na suruali za kike, yeye akizipamba. Na wallahi, bila ya zari yake, nguo zangu zilikuwa nguo tu!

Sifa zikafika mbali. Siku moja akaja bibi wa kitajiri kutoka Maskati, binti yake anaolewa. Akazishika nguo, akazigeuza, akaziweka shavuni. "Nani kaisuka zari hii?" akauliza kwa Kiarabu.

Bi Zuwena kakaa pale pale! Mto wake kaufunika kwa kanga, maana kazi ambayo haijesha hakupenda ionwe.

Nikasema, "Mimi. Nimerithi kwa mama, Mungu amrehemu."

Mama yangu masikini, hata kifungo hakujua kutia!

"Na huyu mama?"

"Huyu mtumishi wangu. Zanjibariya, hajui kitu, hata Kiarabu hajui."

Lahaula! Neno lile walilonisimangia mimi, nikalichukua nikampiga nalo mwenzangu.

Kweli nilidhani haelewi. Sisi wawili ni Kiswahili tu, na majirani nikimwona akiwaitikia kwa kichwa. Bi Zuwena akauweka mto chini, akainuka, akammiminia mgeni kahawa. Kisha akanigeukia, kwa Kiarabu safi kuliko changu: "Na wewe, bibi yangu, nikumiminie?"

Yarabi, nilitamani ardhi inimeze.

Mgeni alipoondoka nikamkimbilia mlangoni. "Bi Zuwena, nisamehe, ulimi umeteleza!" Akasema kwa Kiarabu, "Allah yisamhish," Mungu akusamehe, kama mtu anayemjibu mpita njia, akaenda zake na mto wake.

Zari hakunisukia tena. Hilo ningelistahimili. Lakini miaka minane sasa, neno moja la Kiswahili hajanipa. Nikimwamkia shikamoo, hunijibu "Wa alaykum salam." Nikimuuliza hali, hujibu kwa Kiarabu, kwa adabu, kama watu tusiojuana. Bora angenitukana! Angeniita mwanaharamu kwa lugha yetu, ningelala usingizi.

Sasa Kiswahili nazungumza na masufuria. Siku nyengine natafuta neno silipati, na sina wa kumuuliza. Nalia, mtu mzima miye!

Wanawake wenzangu, nawaombeni. Mkisifiwa kwa kazi ya mtu, mtajeni jina lake hapo hapo, kabla hamjaonja utamu wa sifa. Na msijidanganye kwamba aliyekaa kimya hasikii. Anasikia.